Pini ya Warsih

Msumari ulipong'oka, mti ulivuta pumzi. Tarno, mtunza bustani, ndiye aliyesikia, na kwa kuwa Tarno ni mtu wa porojo hakuna aliyemjali. Lakini sisi tuliofanya naye kazi pale ubalozini tunamjua: porojo zake huzisema huku anacheka. Siku ile hakucheka. Alikaa kwenye ngazi za jikoni ameshika glasi ya chai mpaka ikapoa.

Nchi yenye ubalozi siitaji, maana bado nala wali wao. Itoshe kusema jumba lao liko mtaa wa Menteng, ofisi mbele, makazi ya balozi nyuma, na pembeni kabisa kuna nyumba ndogo ya wageni yenye baraza. Juma lile Jakarta nzima ilikuwa inamsubiri Mheshimiwa Dorval, naibu waziri mkuu wao, mtu wa kwenye runinga, ambaye ujanani aliwahi kuwa afisa mdogo hapo hapo na kulala katika nyumba ile ndogo. Tulipaka rangi mpaka mawe ya bustani. Walinzi wake wakatangulia na mashine ya kusaka chuma, wakaipitisha kwenye vyungu vya maua, chini ya viti, hata juu ya sufuria ya rendang ya Mama Ngatini, mpishi mkuu, naye akawatoa jikoni kwa mwiko.

"Mnatafuta bomu kwenye nyama? Tokeni! Kama mna njaa semeni mna njaa!"

Mashine ililia kwenye mti wa kamboja, ule mkongwe nyuma ya nyumba ndogo, wenye maua meupe ambayo kwetu hupandwa makaburini. Kwenye shina, usawa wa kichwa cha mwanamke, kulikuwa na msumari.

"Bosi, huo ni wa zamani," Tarno aliwaambia kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. "Msumari wa namna hiyo haung'olewi. Uache ulale."

Mlinzi mmoja mwenye shingo nene alicheka, akachukua koleo, akauvuta. Ulikuwa na urefu wa kiganja, mweusi, umezungushiwa uzi mweupe na nywele ndefu za mwanamke. Akautia kwenye mfuko wa plastiki, akampa Priyanti, afisa itifaki, aufungie kwenye droo yake. Basi, kazi imekwisha, mgeni yuko salama.

Alasiri ile ile Mama Ngatini alikuwa anasaga pilipili juu ya jiwe, mara mkono wake ukasimama. Jikoni kulinukia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na majani ya mkadi. Si mafuta ya kupikia hayo, ni ya nywele.

"Nani kajipaka mafuta humu?"

Wasichana wa jikoni wakaangaliana. Hakuna aliyejipaka. Mama Ngatini akageukia ukutani, akafuta macho kwa aproni, akasingizia pilipili.

Mafuta yale mama yake ndiye aliyekuwa akiwapikia kule kijijini, upande wa Wonogiri, yeye na mdogo wake Warsih. Warsih ndiye aliyetangulia kuja mjini. Alikuwa mtumishi wa nyumba ndogo enzi za Dorval. Alikuwa na nywele za kufika kiunoni, akizifunga fundo nyuma ya kichwa na kulichoma pini. Likizo yake ya mwisho alimwambia dada yake: "Yule bwana hana adabu, Dada Nga. Kila nikipita na trei ananichomoa pini. Nywele zikimwagika anacheka. Mkono wake hautulii." Baada ya Idi akarudi kazini, na hapo ndipo alipopotea. Ubalozi ukajibu kwamba katoroka na mwanamume. Mama yao akawa anakaa mlangoni kila magharibi akiangalia barabara, kijiji kizima kinamteta, mpaka akafa. Ngatini akafunga mzigo wake, akaja kuomba kazi katika jumba lile lile. Alitaka jambo moja tu: ajue mdogo wake yuko wapi, amchukue, amlaze ubavuni mwa mama. Kazeeka jikoni mle bila kujua.

Jioni ile kilisikika kicheko. Kilitoka ng'ambo ya ukuta, mbali huko barabarani, kicheko cha mwanamke, kikali, kirefu. Msichana mmoja akaangusha sahani.

"Aa, msiogope," Tarno alisema. "Kuntilanak ukimsikia kwa nguvu, yuko mbali. Mwanamke aliyekufa na mimba tumboni hana haraka. Ogopa akianza kupungua. Anapungua, anapungua, ukija kumsikia kama mbu sikioni, basi ndugu yangu, usigeuke."

"Funga domo lako, Tarno!" msichana mmoja akamkemea.

 Mama Ngatini alikuwa amesimama dirishani anautazama mti.

Asubuhi yake, siku ya mgeni kufika, yule mlinzi shingo nene alikutwa kwenye chumba cha kufulia. Kachuchumaa katikati ya mashine, kakumbatia kitambaa cha meza kilichokunjwakunjwa, anakibembeleza. Mdomo umejaa maua ya kamboja na bado anatafuna. Walipomshika mabega alinong'ona tu, "Shh. Mtoto kalala. Mama yake yuko hapa sikioni kwangu." Wakampeleka hospitali kwa mlango wa nyuma. Balozi akatangaza kuwa ni joto la Jakarta, watu wanywe maji.

Priyanti alikuja jikoni rangi imempotea usoni. Msichana msomi yule, ana lugha nne mdomoni, lakini siku hiyo alishika mkono wa Mama Ngatini hauachii.

"Mama, nakuomba usinicheke," alisema polepole. "Msumari ule umo kwenye droo yangu, na droo inanuka mafuta ya nywele. Nimefungua dirisha, nimepuliza manukato, bado. Mgeni anatua leo. Likitokea la kutokea, mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Sikucheki, mwanangu. Mwite mtu."

Tarno alimjua mtu. Babu Karsa, mganga wa mashetani, akaletwa alasiri kwa pikipiki, na getini akaandikishwa kuwa fundi wa bomba, na kweli alishika spana mkononi, maskini, hata hajui inashikwaje. Alizunguka nyumba ndogo vizuri tu. Alipofika kwenye mti na kuona lile tundu kwenye shina, spana ikamdondoka.

"Astaghfirullah. Nani kamng'oa huyu? Huyu ni wangu."

Mama Ngatini alikuwa anamletea chai. "Wako vipi, Babu? Kumbe hapa ulishafika?"

Mzee akainama kuiokota spana.

"Babu, nakuuliza kwa adabu. Adabu ikiniisha nitarudi na kisu cha kuchinjia bata."

Karsa akakaa chini pale pale. "Nilishafika, mwanangu. Zamani. Kulikuwa na bwana mmoja mgeni, kijana, akilala nyumba hii. Alisema mtumishi wake kafa na sasa anamtokea, hapati usingizi. Nilimwona kweli, mwenye nywele ndefu, tumbo limetangulia. Nikampigilia kwenye mti, akatulia. Sikuuliza alikufaje. Niliogopa kuuliza."

"Na yeye mwenyewe? Mwili wake?"

 Mzee aliangalia mizizi.

Miaka yote ile. Mama Ngatini alipita pale kila siku kwenda kuchuma mchaichai. Alitupa maganda ya vitunguu pale. Mama Ngatini alipiga magoti akakumbatia udongo kwa mikono miwili, akalia kwa sauti ambayo sisi wengine tuliisikia mpaka ofisini, na Priyanti alimfunika mabega kwa mtandio wake akilia naye.

"Leteni msumari niurudishe," Karsa alisema baadaye, akikwepa macho yao. "Atalala tena."

"Arudi kifungoni ili huyo aliyemuua ale kwa raha?"

"Basi tumchimbue, tumkafini, tumsomee. Atapumzika moja kwa moja. Hatamsumbua mtu tena."

"Na Dorval?"

"Atakula, atapanda ndege."

Mama Ngatini akajifuta uso. Alipouliza tena sauti yake ilikuwa imetulia, na hilo ndilo lililomtisha Tarno. "Msumari ukiingia kwenye mti, mti unamshika. Ukiingia utosini mwake mwenyewe je, Babu?"

Kwetu hilo hata mtoto analijua, lakini Karsa alijibu kwa tabu. "Anakuwa mtu. Anatembea, anatumwa, anakaa kimya. Mpaka mtu auchomoe. Na anayeuchomoa..." Akaelekeza kidevu chumba cha kufulia. "Yule alichomoa kwenye mti tu, na wala hakuwa amemkosea. Akichomoa aliyemkosea, mimi siwezi kusema. Usinitie tena kwenye dhambi hiyo, mwanangu."

Mama Ngatini akanyoosha mkono kwa Priyanti. "Nipe huo msumari. Mimi ni ndugu yake, kwangu atakuja." Priyanti, masikini, alidhani unarudi kwenye mti. Akaenda kuuleta.

Magharibi ilipoingia na watu wakaingiza watoto wao ndani, Mama Ngatini alikaa kwenye kigoda chini ya mti, ana kichupa cha mafuta na kitana mapajani. Msikiti wa jirani uliadhini, ukanyamaza. Akaita taratibu, "Warsih. Ni mimi, Dada Nga." Mara kikatokea kicheko kule mbali ng'ambo ya barabara kuu, kikubwa, cha kupasua masikio, mbwa wote wa mtaa wakajibu, kisha kikasikika tena juu ya ukuta lakini kimepungua, kisha juu ya paa la nyumba ndogo na kimepungua zaidi, na harufu ya maua ikaja nzito ikafuatwa na harufu ya nyama iliyooza ambayo mpishi hawezi kuikosea, na yeye alitaka kukimbia, miguu ilitaka, lakini alikaa, akahesabu pumzi zake, na kicheko kikawa kidogo, kikawa chembamba, kikawa mluzi wa mbu ndani ya sikio lake la kushoto, halafu hakikuwepo kabisa, na kitu cha baridi kikamgusa magoti.

Hakugeuka. Aliangalia chini. Warsih alikuwa ameketi mbele yake, amempa mgongo, nywele zimefunika mapaja ya dada yake, kama walivyokuwa wakikaa utotoni mama yao akiwachana kwa zamu.

"Umekaa sana, mdogo wangu," alisema, na machozi yakamdondoka juu ya nywele zile. "Mama alikusubiri mlangoni. Nisamehe, nilikuwa nakupita tu." Akazichana. Udongo ulianguka, na maua makavu, na mizizi midogo midogo. Akapaka mafuta. "Niambie mwenyewe. Nikupeleke kwa mama sasa hivi? Au unataka kwanza kumpelekea bwana kahawa yake?"

Kichwa kikainama mbele, utosi ukamtazama.

Mama Ngatini alifunga fundo zuri juu ya utosi, la siku ya sherehe. Halafu akauchukua msumari na kuuchoma katikati yake, mpaka kikabaki kichwa tu, kama pini. Uliingia bila kelele. Aliyesimama kutoka pale alikuwa msichana mzuri, macho yameangalia chini, akingoja kutumwa.

Karamu ya usiku ule ilikwenda vizuri kuliko zote. Mheshimiwa Dorval aliula wali wa manjano, akaisifu rendang, akasimama na kuzungumza juu ya urafiki wa mataifa na heshima ya binadamu, na mawaziri wetu wakapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu. Kazeeka vizuri, nywele nyeupe, meno yote. Mwishoni akamnong'oneza balozi kuwa ana kumbukumbu tamu na nyumba ile ndogo. Angependa kunywa kahawa yake barazani kule, peke yake kidogo, bila walinzi.

Tarno alikuwa dirisha la jikoni. "Mama, nani yule anayepeleka trei? Mbona simjui?"

"Wa kwetu. Wa kijijini."

"Mbona anakanyaga kokoto na hazilii?"

"Osha vikombe, Tarno."

Kisha Mama Ngatini akachukua bakuli la sukari, akafuata, akasimama nyuma ya ua wa maua. Alimwona Warsih akiweka kahawa mezani kwa mikono miwili. Alimwona Dorval akimtazama usoni, karibu kabisa, taa juu yao. Hakumjua. Alimtazama vile vile kama wanavyotazamwa watumishi wote, na kilichomuuma Mama Ngatini kuliko yote ni hicho. Alijiambia: akimtambua, akisema hata jina lake tu, naingia naharibu kila kitu, namsamehe.

"Wasichana wa hapa hawabadiliki," Dorval alisema kwa lugha yetu, bado anaikumbuka. "Una jina, mrembo?"

Warsih akageuka aondoke. Fundo la nywele likapita mbele ya uso wa yule mzee. Angeuacha mkono wake kwenye kikombe angelala kwa amani kwao siku zake zote. Lakini mkono haukutulia. Uliinuka wenyewe, kwa mazoea, vidole viwili vikakamata ile pini nyeusi, vikavuta.

Nywele zikamwagika. Dorval akacheka. Kisha akatazama alichokishika.

Kicheko kilichofuata Mama Ngatini alikisikia kimejaa Menteng yote, magari yaliyoegeshwa yakaanza kupiga king'ora, kunguru wakaruka gizani. Kwake kilikuwa kikubwa hivyo, kwa hiyo alijua Warsih hayupo karibu naye tena. Dorval yeye alikuwa ametega sikio. Alijipiga kofi shingoni, akageuza kichwa huku na huku, kidole kimo sikioni, kama anayemtafuta mbu.

"Umesikia?" alimuuliza mpishi aliyekuja kumsimamia na bakuli la sukari. Uso ulikuwa umemshuka. "Kuna mtu anacheka. Polepole sana."

"Sijasikia kitu, Bwana."

Akaufungua mkono wa Dorval kidole kimoja kimoja, akautoa msumari, akautia mfukoni mwa aproni. Barazani hapakuwa na mwingine. Ndege ya mgeni iliondoka kabla ya wakati wake, na magazeti yakaandika kuwa Mheshimiwa alipatwa na uchovu wa safari.

Babu Karsa alirudi, safari hii bila spana. "Tumzike sasa, mwanangu. Akisomewa ataitika, atarudi."

"Akirudi, yule bwana atalala usingizi," Mama Ngatini alisema. "Bado."

Kila Ijumaa alimwagilia mti, akasoma Fatiha, akasema, "Usiharakishe."

Masika yalikuwa yamekwisha Priyanti alipokuja jikoni na habari. Siku hizi hunong'ona kila akiongea na Mama Ngatini. "Mke wa Dorval kapiga simu kwa balozi. Mumewe kajiuzulu, hatoki chumbani. Mke anauliza mumewe alikula nini hapa kwetu. Eti mumewe anasikia mwanamke anacheka, lakini kila siku kicheko kinapungua, naye anafurahi, anasema anapona."

Tarno aliweka glasi yake chini. 

"Mwambie tunamwombea," Mama Ngatini alisema, na kuendelea kusaga pilipili.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja wali ulikuwa jikoni unachemka, mara kukanukia mafuta ya nazi na majani ya mkadi, mapya, kama yameepuliwa sasa hivi. Mama Ngatini alizima jiko. Akaivua aproni, akaikunja, akautoa ule msumari na kuuweka juu ya meza kama mtu anayerudisha funguo. Nje, askari wa geti alikuwa anaishusha bendera yao nusu mlingoti.

"Tarno, chukua jembe," alisema. "Mdogo wangu amemaliza kazi. Tumpeleke kwa mama."